Kovu Chini ya Kitovu

Tumbo la Reine lilikuwa limeshuka tangu Jumatano, na kila mwanamke wa kijiji cha Nkanka aliyemwona alimwambia neno lile lile: siku zimefika. Kitovu kilikuwa kimetoka nje, miguu imevimba hata sandali za mume wake zinambana, na ule mstari mweusi wa mimba ulikuwa umeteremka mpaka ukagusa kovu. Kovu hilo ndilo lililomnyima usingizi. Lilikuwa linang'aa, linawasha, limevutika kama ngozi ya ngoma.

Nyumba nzima ilijua ni la apendisiti, la kutolewa kidole tumbo. Ndivyo alivyowaambia. Kweli yenyewe ni kwamba miaka minne iliyopita, huko Bukavu, kabla hajamjua Anastase mume wake, alipasuliwa akazaa mtoto wa mwanamume mwingine, na mtoto akaishi siku mbili tu. Sasa siku ya posa mama mkwe wake, Mukamusoni, alisema mbele za watu kwamba kijana wake haoi mwanamke aliyekwisha kuzaa. Reine akainamisha kichwa. Angeanzia wapi kusema?

Muuguzi wa kituo cha afya hakudanganyika. Alimwandikia kwa wino mwekundu aende hospitali wiki mbili kabla ya siku zake za kujifungua, wala asiguse dawa ya majani, maana kovu linaweza kufunguka kwa ndani, wakafa yeye na mtoto. Karatasi ile Reine aliilaza chini ya godoro, na kila siku akajiambia kesho. Hata Izabayo, mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye simu yake moja huleta ambulansi, hakuja kumtazama, ingawa walitenganishwa na ua tu. Kwa Mukamusoni hakanyagi. Ana miaka sita anaitwa mchawi na mama huyo, kwamba ndiye aliyempa sumu Dative, binti wa Mukamusoni, akafa akizaa mtoto wa pili.

Mukamusoni naye ana mapenzi yake, na mapenzi ya mama mkwe nani atayakataa? Alitwanga majani ya kufungua njia, akayachemsha, akaleta kikombe kila asubuhi. Siku mbili Reine alikimwaga kwenye shina la mgomba. Jumamosi hii mama akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Kunywa yote, mwana wangu. Mi nilizalaka batoto saba na hii."

Tuseme ukweli, angeweza kukataa. Alikunywa. Uchungu wa dawa ukamkaa kooni.

Kisha akalazwa mkekani, Mukamusoni akampaka samli na kuanza kumkanda, mbavuni kwanza, halafu chini. Reine akavuta kitenge ajifunike.

"Toa mukono. Mficha uchi hazai."

Vidole vikateremka na mstari mweusi, vikafika kwenye kovu, vikasimama. Halafu vikalifuata taratibu, toka upande huu mpaka upande ule.

"Apendisiti inakuwaka kwa ubavu," alisema Mukamusoni. "Hii Dative alikuwa nayo, ya kupasuliwa mtoto wa kwanza."

Reine alilikaza pindo la kitenge.

"Munganga wa hospitali alisemaka ni dawa yangu ndiyo ilimuua. Nikamutukana. Nikasema ni sumu ya Izabayo."

Reine alimshika mkono. "Maman, nilizalaka kule Bukavu. Nilifichaka. Unisamehe."

"Umekunywa vikombe ngapi?"

"Hiki tu cha leo. Vingine nilimwaga."

Mama hakuuliza mtoto alikuwa wa nani. Aliendelea kushika tumbo kwa kiganja chenye samli, na wote wawili wakalisikia likikaza, likawa gumu kama jiwe, likakaa hivyo muda mrefu kabla ya kulegea. Reine alihisi kovu likivutwa huku na huku. Dakika chache tu, likakaza tena.

Ndipo Mukamusoni akageuza uso kuelekea uani, akaita jina ambalo hakuwa amelitamka kwa wema miaka sita.

"Izabayo. Izabayo, tafazali, piga simu."

Walimsikia jirani akifagia upande wa pili. Ufagio ukanyamaza. Tumbo lilikuwa linakaza mara ya tatu, na Izabayo alikuwa bado hajaitika.