Nguzo za Alexander

Mzee Alexander wa Kimulot alikuwa mtu wa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa sifuri.

"Mzee, kutoka sifuri mpaka kumi, leo maumivu ni ngapi?" muuguzi Priscillah humuuliza.

"Sifuri," hujibu yeye, kisha humwomba mgeni radhi kwa kumpandisha kilima chote kile bure. Hulijibu hilo swali akiwa amesimama wima, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti, tabasamu usoni. Ungewakuta ungedhani mgonjwa ni Priscillah, maana yeye ndiye aliyekuwa akihema na mfuko wake mzito wa dawa na vyombo.

Mkewe, Rebeccah, alikuwa mlangoni pa jikoni na birika la chai mkononi, na lile jibu lilimchoma. Yeye ndiye aliyelala kando ya hiyo sifuri miaka na miaka. Alijua inavyotetemeka kitandani, inavyong'ata shuka isisikike, na inavyoamka kabla ya jogoo kwa kuwa haikulala.

Tangu Alexander aanguke kutoka juu ya lori la majani chai, kiuno na mguu wa kushoto havikumpa nafuu. Hospitalini alikuwa amekwenda, tena si mara haba. Hupanga foleni tangu asubuhi, na akifika mbele ya daktari husema "ni kidogo tu." Basi naye hupewa vidonge vya mtu anayeumwa na kichwa, akarudi navyo nyumbani.

Ndipo ikaja timu hii mpya, inayowafuata majumbani watu wenye maumivu ya muda mrefu. Hawakuja mikono mitupu. Walikuwa na dawa zilezile za wodini, na mashine ndogo ya kupiga picha za ndani ya mwili, inayoingia mfukoni. Walikuwa pia na Daktari Mongina, ambaye hupigiwa simu ya video mgonjwa akiwa palepale kwenye kochi lake, na mambo yakizidi huja mwenyewe. Ila nafasi zilikuwa chache, na Priscillah hakuficha. Kesho wangekaa na daktari kuamua nani anaendelea, na asiyekuwa na maumivu angempisha mwenzake.

Kwa hiyo hii ndiyo ilikuwa ziara ya kuamua, na mzee ameshasema sifuri.

Wapo watakaouliza kwa nini Rebeccah hakufungua mdomo. Waulize tu. Mwanamume wa Kipsigis aliyesimama mbele ya kisu siku ya tumdo, akatahiriwa bila kupepesa ukope, haanzi kulalamika uzeeni eti mguu unauma. Na mke anayempinga mumewe mbele ya mgeni ni kama amemvua nguo hadharani. Rebeccah alimpenda mzee wake, hangeweza kumfanyia hivyo. Lakini hakuna mila iliyosema mke asimwonyeshe mgeni ng'ombe.

"Sista, kabla hujaenda, kuja uone ng'ombe yetu," akasema. "Imezaa."

"Wacha mgeni akunywe chai kwanza," Alexander akasema.

"Chai iko. Haiendi mahali."

Akampitisha Priscillah mlango wa nyuma. Huko kulikuwa na safu ya nguzo za mkaratusi, kutoka mlangoni hadi zizini, kutoka zizini hadi chooni, halafu zikapanda mpaka mstari wa kwanza wa chai. Zilikuwa zimekaribiana mno, na hazikuwa na waya hata mmoja. Alexander alikuwa amewaambia watu kwamba anazuia ng'ombe wa jirani, na majirani walikuwa wamecheka wakachoka. Fensi ya mzee, walisema, inazuia upepo tu.

Rebeccah akazungumza habari za ndama. Ni jike, ananyonya vizuri, mama yake ana hasira kidogo. Priscillah akamkuna ndama kichwani na kuitikia, lakini macho yake yalikuwa yamekwenda kwingine. Akashika nguzo moja. Chini ilikuwa na maganda na ukali wa mti, ila usawa wa kiuno ilikuwa laini, inang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Akaenda kwenye ya pili, nayo vilevile. Kisha akafanya jambo ambalo Rebeccah hakulitarajia kwa mtu msomi: akaulegeza mguu wake wa kushoto, akauburuta, akaenda akijivuta kutoka nguzo hadi nguzo mpaka mlango wa choo. Kila alipohitaji kushika, nguzo ilikuwepo.

Akageuka, akamtazama Rebeccah. "Mama, hii fensi ilianza lini?"

"Ile mwaka ya lori."

"Na waya?"

"Mzee amesema itakuja," Rebeccah akajibu, na hakuwa amempinga mumewe kwa neno hata moja.

Mwingine angerudi ndani mbio na kumwaibisha mzee wa watu. Priscillah alikuwa binti wa wafanyabiashara Wakikuyu, lakini alizaliwa na kukulia Kericho mjini, na alijua anaongea na nani. Akarudi, akaketi, akanywa chai yake mpaka ikaisha, akaisifu. Alexander alikunywa yake akiwa amesimama.

"Mzee, ukipeleka majani yako kwa kituo," akaanza taratibu, "karani akipima gunia ikuwe nzito sana, wewe unasikia aibu?"

"Aibu ya nini? Si ni majani."

"Na ukimwambia aandike sifuri, na gunia imejaa?"

Alexander akacheka. "Huyo atakuwa mjinga. Amejiibia."

"Sasa mimi ndio karani, mzee. Sijakuuliza kama unalia. Najua hulii. Mtu amepita tumdo analia aje? Nimeuliza gunia iko na uzito gani. Kubeba umebeba wewe, peke yako, na umebeba kama mwanaume. Mimi ni kupima tu."

Rebeccah akachukua birika atoke, maana aliona neno liko kooni mwa mumewe na kwamba yeye ndiye anayelizuia.

"Keti, Mama Jonah," Alexander akamwambia mkewe.

Akaketi. Mzee akautazama mlango wa nyuma, akaelewa kwamba mgeni ameziona nguzo. Hakukasirika. Akakishika kiti kwa mikono yote miwili, akajishusha polepole, akakaa mbele ya mgeni kwa mara ya kwanza.

"Nane," akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, usiandike nane. Mchana ni nane. Usiku ni tisa."

Priscillah akaandika, akampigia Daktari Mongina simu papo hapo. Keshoye kikaoni mzee akapewa nafasi, na daktari akafika mwenyewe, akaitazama mifupa ya kiuno kwa ile mashine ndogo, akamchoma sindano pale pale palipokuwa pakiwaka, Alexander akiwa amelala kifudifudi kwenye kitanda chake mwenyewe. Akamwachia dawa ya mishipa ya fahamu, ya kunywa kila jioni. Priscillah akakiinua kitanda kwa vipande vya mbao, akamfundisha mzee kuamka kwa kugeukia ubavu, akawa anakuja, anapima, anasikiliza. Hakuahidi kwamba maumivu yangekwisha. Alisema yatapungua, na kwamba yeye hatachoka kupanda kile kilima. Rebeccah alimwamini, na alikuwa na haki ya kumwamini.

Asubuhi moja Rebeccah aliamshwa na ng'ombe akilia zizini. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Akashtuka, akataka kuinuka, akashindwa. Alexander alikuwa amelala juu ya mkono wake, mzito, mdomo wazi, akikoroma. Miaka yote ile alikuwa amelala ukingoni mwa kitanda, ameelekea ukuta, mbali, ili mkewe asisikie anavyotetemeka. Sasa alikuwa hapa, na hakuwa akitetemeka.

Ng'ombe akalia tena. Mkono wa Rebeccah ukafa ganzi, kisha ukaanza kuuma kweli kweli, kuanzia kiwiko hadi begani. Machozi ya furaha yakamtiririka masikioni na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Hakusogea.