Tone Lenye Ncha

Jana nililala nimenuna, nikaota nimekuwa tone la maji.

Nilikuwa nimening'inia ndani ya friji yangu ya barafu za ukwaju, ile ile aliyoitoboa wifi yangu Mwanashamba Jumapili. Alikuwa akibandua barafu kwa kisu, gesi ikatoka fyuu, friji ikafa. Tunaishi nyumba moja, na tangu siku hiyo simsemeshi.

Basi, naning'inia. Chini pametanda barafu nyeupe. Ng'ambo yake amekaa wifi, naye ni tone, kajikunyata.

Kisu cha jikoni kimesimama mlangoni kama mgambo.

"Sheria ya hapa ni moja," kinasema. "Ukianguka utatandaa. Ukingo wako ukiganda, umefika. Hapo ndipo kwako."

"Nitamfikia wifi?"

"Inategemea baridi. Ikizidi, hufiki mbali."

"Na baridi anaizidisha nani?"

"Kwani nani hamsemeshi mwenzie?"

Kisu chenyewe ndicho kilichotoboa friji, leo kinanifundisha adabu!

Naanguka. Natandaa vizuri, hata najisifu. Mara friji imekuwa ua wetu, kuanzia kisimani mpaka jikoni ni barafu tupu, na wifi yuko hapa, nikinyoosha mkono namgusa. Nataka kusema "Wifi." Kinachonitoka ni "Friji yangu!"

Ukingo wangu unaganda papo hapo.

"Lakini katikati bado mimi ni maji," namwambia Kisu.

"Naona. Huanzia pembeni. Katikati huchelewa kidogo." Kinafikiri. "Kidogo tu."

Hapo niliogopa kweli. Barafu inanipanda kutoka chini, inafika tumboni, inafika kifuani. Maji yaliyobaki yanasukumwa juu, mpaka utosi wangu unachongoka. Wifi ananitazama tu. Nikawaza, ndiyo basi tena, tutazeeka hivi hivi, hatua moja kati yetu.

Nikazinduka, ngumi nimeikaza. Kumekucha, joto la Morogoro limeshaingia chumbani. Friji iko pale kwenye kona, mlango wazi, ndani nimeweka vitunguu.

Nikakunjua kiganja. Palikuwa na tone la barafu, gumu, lenye ncha juu. Lilikuwa linaanza kuyeyuka pembeni.

Nikakimbilia mlangoni kwake. "Wifi! Wifi, fungua upesi!"

Alifungua kabla sijabisha. Macho yamemvimba kwa kulia.

"Wifi yangu, umeniita," alisema.

Naye alikuwa amefumba kiganja, na maji yalikuwa yakimchuruzika vidoleni.