Aje Amchukue Mwenyewe

Fisi alipochukua mbuzi wa tatu, nilimwambia mume wangu kwamba sasa hatuna budi kutafuta mbwa.

Isidori alikuwa anafunga vifungo vya koti lake la ulinzi. Ilikuwa mwaka 1982, naye alikuwa na miaka miwili tangu aajiriwe kulinda shamba la ngano la serikali, lile lililomeza malisho kutoka kwetu Gehandu mpaka macho yanapoishia. Hakuinua kichwa.

"Mbwa tutampata wapi, mama Bernadina?"

"Unajua ni wapi."

Alijua. Mbwa jike aliyekuwa na watoto karibu nasi alikuwa mmoja tu, wa mzee Gidahosh, mfugaji wa Kibarabaigi aliyekuwa jirani yetu tangu kabla hatujaoana. Na Isidori ndiye aliyempiga risasi dume wa mzee huyo.

Ilikuwa mwezi wa nne, ngano ikiwa kijani. Ng'ombe wa Gidahosh walikuwa na njia yao ya kwenda kwenye maji, na njia ile ilikuwa imelimwa. Ng'ombe hawasomi kibao. Wakapita humo humo, na amri ya meneja wa shamba ilikuwa moja: ng'ombe wafungiwe, mbwa wauawe. Mbwa yule alimfahamu Isidori. Alizoea kuja kwetu kulamba sufuria. Siku ile alipomwona alimkimbilia akitikisa mkia. Isidori aliniambia hayo mara moja tu, hakuyarudia.

"Siendi," alisema. "Nitamtazama vipi yule mzee?"

"Basi nitakwenda mimi."

Nilikwenda Jumapili baada ya misa, na kikapu cha mahindi kichwani. Gidahosh alikuwa ameketi kwenye mlango wa boma lake, analainisha ukanda wa ngozi kwa mafuta.

"Shikamoo, baba."

Aliupaka ule ukanda mafuta mpaka mwisho, ndipo akaitikia. "Marahaba, Genoveva. Keti."

Nikamweleza haja yangu. Nyuma yake watoto wanne wa mbwa walikuwa wananyonya. Mmoja, wa kijivu mwenye miguu myeupe, aliacha ziwa akaja kunusa upindo wa kanga yangu.

"Huyo hana woga," mzee alisema. Kisha akatazama upande wa ngano. "Zamani fisi walikuwa na swala wao. Trekta zimewafukuza swala. Fisi naye ale nini?"

"Ni kweli, baba."

"Nitakupa huyo. Mahindi yako rudi nayo, ulishe watoto. Lakini mumeo aje amchukue mwenyewe. Sitamuuliza kitu. Aje, anisalimie, amchukue."

Nilirudi nikikaribia kukimbia. Kwangu lilikuwa jambo dogo, tena la huruma. Isidori aliposikia aligeuza uso.

"Nitakwenda wakivuna," alisema.

Kombaini zikaja, zikavuna, zikaondoka. Akasema anangoja likizo. Likizo ikaja, akasema mguu unamuuma. Fisi akachukua mbuzi wa nne. Wa tano alikuwa na mimba, tukakuta kichwa tu karibu na kisima. Siku hiyo uvumilivu uliniishia.

"Kufyatua uliweza," nilimwambia. "Kusalimia ndiyo unashindwa?"

Aliacha chakula mezani akatoka.

Wiki iliyofuata, asubuhi, alivua koti la ulinzi, akavaa shati la kanisani. Akaenda bila kuniaga. Nilisimama mlangoni nikimtazama anavyopanda kilima, nikamshukuru Mungu.

Hata saa sita haikufika, alikuwa amerudi. Peke yake.

"Wamehama," alisema. "Njia ya maji shamba limeifunga yote. Mzee ameswaga ng'ombe wake kuelekea Singida, leo siku ya tano. Nimemkuta Yahaya, yule dereva wa trekta, analima palipokuwa zizi."

"Na watoto wa mbwa?"

"Watatu wamekwenda nao."

"Na yule wa miguu myeupe?"

Aliketi chini, shati jeupe vile vile, kwenye vumbi.

"Yahaya anasema mzee alimfunga kwenye mti, akamwachia maji na kipande cha nyama. Alimwambia kuna mtu atakuja kumchukua, wasimguse. Yahaya akawa anampa maji. Siku ya tatu mbwa akakata kamba, akaingia shambani." Akafungua kifungo cha shati shingoni. "Wenzangu wa zamu. Amri ni ile ile. Mama Bernadina, mlio ule wa bunduki niliusikia. Nilikuwa getini nakunywa chai. Nikadhani wamepiga ngiri."

Sikumlaumu siku ile, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kumlaumu. Wala sikumfariji. Niliwafungua mbuzi wawili waliobaki, nikawapeleka Tumati kwa kaka yangu Tluway, wakakae huko.

Isidori alilinda ngano miaka mingine sita. Sikuwahi kumtajia mbwa tena.