Kengele ya Mama Anita

Kila Alhamisi, wenye kampuni changa za Nairobi walikutana kwa kiamshakinywa katika hoteli moja ya Upper Hill, na desturi yao ilikuwa kupigana msasa. Ukisimama kueleza biashara yako, wenzako wanakubana kwa maswali hadi utoe jasho, kisha wanakupigia makofi, kisha mnakula soseji. Wote walijiita wakurugenzi wakuu, hata yule ambaye kampuni yake nzima ilikuwa yeye na kompyuta ya kuazima. Kadi za biashara zilikuwa nyingi kuliko wateja.

Lornah Nasimiyu alikuwa mmoja wao. Yeye na Haron Kibe, rafiki yake tangu chuoni, ambaye walilala njaa pamoja na kugombana kama ndugu, walikuwa wametengeneza kengele wakaiita Yowe. Ilikuwa kijisanduku cha ukubwa wa kisahani cha sabuni, chenye kitufe chekundu na laini ya simu ndani. Mwizi akiingia kwako, unabonyeza, na simu za majirani wote walioandikishwa zinapata ujumbe papo hapo: MWIZI KWA FULANI. NJOONI. Hiyo ilikuwa 2009, na mitaa ya magharibi ya jiji, kama Satellite walikokuwa wameanza kuiweka, ilikuwa bado haijasahau ghasia za uchaguzi za mwaka uliotangulia. Watu walilala na kitu kizito chini ya kitanda. Kengele ingeuzika, ila wawili hao hawakumjua mtu yeyote wa kuwafungulia mlango. Kila mwaka kundi lile lilichagua kampuni moja tu ya kulelewa mwaka mzima na Ephantus Mwaura, na Lornah aliitaka nafasi hiyo hadi ikamkosesha usingizi.

Mwaura alikuwa amejenga kampuni ya malori, akaiuza, na tangu hapo kazi yake ikawa kuwafundisha wengine kujenga. Alivaa koti la kijivu na kuongea kama mhubiri. Lornah alimheshimu mno, kama unavyomheshimu mwalimu wa kwanza kukuambia una akili.

"Hii kitu yako nimeisikia ya kutosha," Mwaura alimwambia mbele ya wote. "Sasa nataka kuiona. Jumamosi tunakuja Satellite. Mtu aingie kwa customer, customer abonyeze, tuone ni majirani wangapi watatoka."

"Sawa, Coach. Nitawaambia majirani wajipange."

"Wapi! Ukiwaambia, hiyo si test, hiyo ni drama ya shule. Customer asijue, jirani asijue. Ama unaogopa kitu yako haiworki?"

Meza nzima ikacheka. Lornah naye akacheka, akakubali.

Kibe alipoambiwa, na kwamba nyumba ya kuingia ni ya mteja wao Mama Anita, aliweka chini chuma cha kuchomelea waya akamtazama.

"Wewe na huyo mzee wako mnataka kuniua. Mwizi ni nani? Si ni mimi?"

"Mama Anita hawezi kukujua ukivaa marvin ya kufunika uso. Majirani wakifika tu, nawaambia ni test, unatoa kofia, tunacheka."

"Na wakikuja na panga?"

"Nitakuwa hapo kwa geti kabla yao. Nakuapia, Kibe."

Alikubali, kwa sababu naye alikuwa amechoka kula ugali na chumvi, na kwa sababu Lornah hakuwahi kumdanganya.

Jumamosi asubuhi magari mazuri yakatoka Kilimani yakaingia Satellite, yakiyumba kwenye mashimo. Wakurugenzi walipanda hadi paa la nyumba ya gorofa iliyotazamana na ua wa Mama Anita, mjane aliyefuga kuku na kuuza mayai, mteja wa kwanza wa Yowe. Chai ilikuwa kwenye chupa, mandazi kwenye karatasi. Mtu angedhani ni pikiniki ya kanisa. Mwaura alishika saa yake mkononi. Lornah alisimama kando yake, akipanga kushuka getini mara tu kengele ikilia.

Kibe aliruka ukuta. Marvin ilimfunika uso wote isipokuwa macho. Aliingia jikoni, na mara Mama Anita akapiga ukelele uliowarusha kuku huku na huku. Akabonyeza kitufe, vile Kibe mwenyewe alivyomfundisha kwa subira wiki mbili nyuma.

Kutoka pale juu walisikia simu zikilia nyumba baada ya nyumba, ti-ti, ti-ti, kama vifaranga. Milango ikafunguka. Wakurugenzi wakapiga makofi.

"Inawork! Cheki wale! Cheki na wale wengine!"

Lornah aligeuka kuelekea ngazi, na Mwaura akamshika mkono.

"Ngoja kidogo. Usituharibie data. Tuone ni wangapi."

Na Lornah akangoja. Haikuwa muda mrefu. Kikombe cha chai kingekuwa hakijajaa. Lakini aliganda pale kwa hiari yake, kwa kuwa naye alitaka kuona, na kwa kuwa moyo wake ulikuwa umevimba kwa fahari.

Kibe alitokea uani akaona geti limejaa wanaume na Lornah hayupo. Akavua marvin haraka, akainua mikono. "Ni mimi! Ni test! Ni mimi, Kibe wa—"

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Aliinama akishika meno, na Dalmas, seremala wa jirani, akamshukia na mpini wa jembe mgongoni. Hapo akaanguka, na alipoanguka hakukuwa tena na mtu wa kumwona uso. Kulikuwa na mateke, mawe, na bomba la chuma lililopanda na kushuka. Waliokuja mwisho walipiga kwa nguvu kuliko waliokuja kwanza, maana waliogopa kukosa zamu. Mwanamke mmoja aliyetoka kufua alimpiga kwa ndoo. Kutoka barabarani mtu alikuwa akisukuma gurudumu kuukuu la gari, na mwingine anauliza kwa sauti nani ana mafuta ya taa.

Na bado Mama Anita alikuwa jikoni, amejifungia, akibonyeza. Kila alipobonyeza, simu zililia upya, sasa ndani ya mifuko ya wanaume waliokuwa wakipiga, na wengine wakaja mbio kutoka njia ya pili.

Makofi juu ya paa yalikuwa yamekufa. Lornah alijinasua kutoka mkononi mwa Mwaura, akashuka ngazi akijigonga ukutani, akapenya kati ya miili iliyonuka jasho, akamlalia Kibe.

"Ni test! Mwacheni! Ni test!"

"Huyu ni mwenzake!" mtu akasema. Teke likamvunja ubavu. Mwingine alimkamata nywele akamburuta, naye akamuuma mkono hadi akasikia ladha ya damu, akarudi kumlalia Kibe. Fimbo ilimpasua sikio. Hakujua analia nini. Alilia jina la Mama Anita, jina la mamake, jina la Kibe, yote pamoja. Mafuta ya taa yalimwagika mgongoni mwake, baridi.

Kilichowaokoa wasichomwe ni kwamba Mama Anita alitambua sauti iliyomwita. Alifungua mlango, akasukuma watu, akainama, akampangusa Kibe uso kwa leso yake.

"Wuui! Huyu ni kijana wa kengele! Huyu ndiye aliniwekea kengele!"

Wanaume waliondoka mmoja mmoja bila haraka, kama watu wanaotoka kwenye mkutano. Polisi walipofika hakuna aliyekuwa ameona kitu. Paa lilikuwa tupu, na magari ya Kilimani yalikuwa yameshaondoka.

Kibe alifariki Jumapili katika hospitali kubwa, bila kufumbua macho. Muuguzi alimpa Lornah mfuko wa plastiki wenye viatu vyake na simu yake, kioo kimepasuka lakini bado inawaka.

Jumatatu, Dalmas alibisha mlango wa Lornah. Alikuwa amevua kofia.

"Pole sana, madam, kwa yale yalitokea. Hatungejua. Lakini hiyo kitu ni moto, aki. Tulifika mbio. Nataka moja kwangu, na shemeji yangu pia anataka."

Lornah alifunga mlango akatapika. Hasira iliyompanda hapo haikumtoka tena.

Alhamisi alienda Upper Hill, kifua kimefungwa bendeji, sikio limeshonwa. Mwaura aliwasimamisha wote, wakanyamaza kwa heshima ya marehemu, wakaketi. Kisha akasafisha koo.

"Haron hakufa bure. Sisi wote tulishuhudia. Product inafanya kazi kupita ilivyotarajiwa. Lornah, nafasi ya mwaka huu ni yako."

Wakaanza kupiga makofi. Lornah alitoa kijisanduku mkobani akakiweka mezani, kati ya sahani ya mayai na koti la kijivu.

"Asante, Coach. Kwanza tufanye test. Leo asubuhi nimeongea na makanga wa matatu kwa stage hapo chini, na wale wa kung'arisha viatu, na wale vijana wa kuosha magari. Wote wamenipa namba. Ujumbe unasema hivi: mwizi, hoteli, gorofa ya kwanza, mzee wa koti la kijivu."

Makofi yakakatika. Mwaura alijaribu kucheka, midomo ikakataa.

"Lornah, wewe umeumia. Hebu tuongee kando."

Alitaka kuinuka. Lornah akamshika mkono, pale pale Mwaura alipomshika yeye juu ya paa, akabana hadi kucha zikaingia.

"Ngoja kidogo. Usituharibie data."

"Wataniua," Mwaura alisema. Sauti ya mhubiri ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa ya mtoto. "Mama, tafadhali. Unajua wataniua. Hao watu hawaulizi!"

"Kumbe ulijua," Lornah akasema, na akabonyeza.

Viti vikaanguka. Mkurugenzi mmoja alikimbilia mlangoni akamkanyaga mwenzake. Mwaura alijivua koti kwa fujo hadi likachanika kwapani, akalitupa mbali, akatambaa chini ya meza akikumbatia kichwa, na kitambaa cha meza kikamfuata na chai yote.

Simu moja ikalia, ti-ti. Ililia ndani ya mkoba wa Lornah.

Aliitoa, ile yenye kioo kilichopasuka, akaiweka mezani ili kila mtu aione. Hakuwa ameweka namba nyingine yoyote kwenye kengele. Alingoja kidogo, akimtazama mzee chini ya meza, kama mtu anayetumaini kwamba safari hii mwenye simu atajibu. Kisha akachukua simu, akaacha kengele pale, akashuka kwenda kumsaidia mamake Kibe kuchagua jeneza.