Kichaka cha Mama Mkwe

Mtaani walimwita Lawama, naye alilijua jina hilo wala hakulikataa. Alikuwa fundi viatu, mgane, asiye na mtu wa kumpikia wala wa kumkatiza anapoanza kuwasema wakubwa. Barabara ikichimbika, wakubwa. Maji yakikatika, wakubwa. Mkewe alipofia hospitali, wakubwa tena, na safari hiyo hakuna aliyembishia, maana daktari alikuwa kwenye semina.

Nyuma ya nyumba yake, upande ambao ukuta na mti mkubwa havikuruhusu jua kupita, palikuwa na kichaka alichokipanda marehemu. Majani yake mazito yaling'aa kama kiatu kilichotoka kupigwa rangi, na mwaka mzima hayakupukutika. Paa wa msituni waliruka uzio na kufagia bustani nzima, mchicha na maua na hata miche ya mipapai, lakini kile walikinusa wakapita zao. Majani ni machungu, na ukiyafikicha harufu yake inakupanda puani. Marehemu alikiita mama mkwe.

"Nani atathubutu kumtafuna mama mkwe?" alikuwa akisema, na mumewe anacheka kama vile ndiyo kwanza anausikia mzaha huo.

Sasa matawi yalikuwa yanapungua. Leo moja, siku nyingine mawili. Lawama alichuchumaa, akapitisha kidole gumba pale tawi lilipoondoka. Mkono uliokata ngozi maisha yake yote haukuhitaji kuambiwa. Mkato ulikuwa wa mshazari, laini, bila nyuzi zilizochanika. Kisu. Alijua. Halafu akasimama, akajipangusa magoti, akajiambia ni paa.

Paa walikuwa na mwenyewe wa kulaumiwa. Msitu wa serikali, uzio wa serikali, mlinzi wa serikali. Kisu je, kingekuwa cha nani?

Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Kwa bahati, bwana misitu mwenyewe alikuwepo, amekaa kwenye kiti chenye mto, na mlinzi wa uzio amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Huyu analala lindoni," Lawama alisema. "Paa wamemaliza kichaka cha marehemu mke wangu. Ndicho kitu pekee alichoniachia."

"Mzee wangu," mlinzi akasema polepole, "ule mmea paa hawali. Hata ukiwawekea mbele."

"Walikwambia wao? Mnaongea nao siku hizi?"

Watu waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mlinzi hakucheka. Bwana misitu akatazama saa.

"Mimi nimechoka kusikia habari za uzio huu," alisema. "Kesho asubuhi nitapita kwa mzee. Akisimamia neno lake, wewe utarudisha sare na utatoa vitu vyako kwenye nyumba ya kazi."

"Nitalisimamia," Lawama akasema.

Alirudi nyumbani anatembea kama kijana. Jioni hiyo, jua bado liko juu ya mabati, shemeji yake, mdogo wa marehemu, akapiga hodi. Hakuwa amekanyaga pale tangu msiba, siku Lawama alipowafukuza ndugu wote wa mke, akawaambia asimwone mtu anagusa hata kijiko cha marehemu.

"Shemeji, nimepita kwa mke wa mlinzi. Anafunga vyombo, watoto wanamuuliza wanahamia wapi."

"Waulizeni wakubwa waliomwajiri."

"Usinifanyie hivyo. Ni mimi ninayekata."

Lawama akageuka kutazama upande wa kichaka.

"Ningekuomba ungenitimua. Kwa hiyo nilikuwa napita nyuma ukiwa kibandani kwako. Tawi moja moja, naliotesha mizizi kwenye kopo, nikiona limeshika napeleka kwa dada." Akafuta jasho kwa ncha ya khanga. "Makaburi yako ukingoni mwa msitu, shemeji, tena chini ya miti. Kila ua nililopanda, kama halikufa kwa kivuli, paa wamelila. Nikakumbuka mama mkwe."

"Ningekwenda kuona, lakini ile njia mbovu," Lawama alisema, na sauti yake mwenyewe ilimsikitisha. "Nilisema nitakwenda wakishaitengeneza."

"Waliitengeneza zamani. Magari yanapita."

Walikwenda pamoja. Njia ilikuwa imesawazishwa na kumwagwa changarawe, na kila walipokutana na mtu Lawama aliangalia chini. Makaburi ya wengine yalikuwa na vikonyo vilivyotafunwa. La mkewe lilikuwa limezungukwa na miche mifupi ya kijani, imepandwa kwa nafasi sawa, magugu yameng'olewa. Shemeji akainama kuondoa jani kavu kama mtu anayetandika kitanda chake. Lawama hakujua asimame upande gani. Ilibidi amuulize kichwa cha marehemu kiko wapi. Shemeji akamwonyesha kwa mkono, bila kumtazama usoni.

Asubuhi bwana misitu alifika na gari, mwenyekiti akiwa nyuma, mlinzi amepakata sare aliyoikunja. Majirani nao wakasogea. Hawakukosa kamwe Lawama anaposema.

Njiani kutoka makaburini alikuwa amejitengenezea maneno: kwamba kumbe ni wezi, kwamba giza lilimdanganya. Yalikuwa maneno mazuri. Yangemwokoa mlinzi, na yeye pia.

"Haya mzee, ni paa au si paa?" bwana misitu aliuliza bila kuteremka.

"Si paa. Ni kisu."

"Umegundua lini?"

"Siku ya kwanza. Niliugusa mkato nikaujua. Mimi ni fundi, nisingeweza kukosea. Nilimsingizia tu."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akakohoa. Bwana misitu akasema anapotezewa mafuta ya gari, akamwambia mlinzi avae sare yake arudi kazini, basi, kama vile hakuwa yeye aliyekuwa tayari kumfukuza mtu bila kuangalia tawi moja. Safari hii Lawama alilimeza hilo. Mdomo wake haukuwa na haki ya kulisema.

Gari likaondoka. Mlinzi alibaki anafunga vifungo.

"Mwanangu, nisamehe," Lawama akamwambia.

"Nimesikia, mzee," mlinzi akasema. Akavaa kofia, akapita katikati ya majirani kuelekea kwenye uzio.

Majirani hawakuondoka mara moja. Walimtazama Lawama, wakisubiri aongeze neno, naye akabaki amesimama mbele yao, mikono imening'inia.