Rangi ya Chumba cha Kidosho

Maneno yalianzia bombani, na maneno ya bombani hayana mwenyewe: mtoto wa fundi cherehani, aliyekuwa akiropoka kama kasuku, eti amepotewa na maneno yote kwa sababu ya rangi ya ukuta. Rangi ilikuwa na madini ya risasi, mtoto akawa anabandua maganda na kuyala. Wanawake walicheka. Mama Kidosho alicheka nao, lakini ndoo yake aliisahau palepale.

Tangu hapo kila kopo la rangi alilitazama kama nyoka. Na ndipo mumewe naye akataka chumba cha mtoto kipakwe upya, maana kijani chake cha zamani kilikuwa kimeanza kubanduka.

"Tupake njano," alisema Baba Kidosho. "Ile ya kuwaka, mtoto achangamke."

"Za kuwaka ndizo wanazosema zina risasi."

"Risasi! Mke wangu, tunapaka chumba au tunakwenda vitani?"

Wifi yake Mama Kidosho, aliyekuja kusaidia kuhamisha vitu, akadakia: "Kaka, mwache. Wifi yangu hajaumwa na nyoka, lakini ung'ongo tu unamshtua."

"Sitaki kuumwa kwanza, wifi."

Kesho yake Mama Kidosho alimwachia wifi mtoto, akaenda dukani mwenyewe. Alishusha makopo, akayageuza, akasoma maandishi kwa kidole, neno kwa neno. Muuza duka uvumilivu ukamwishia.

"Mama, unachagua rangi au mkwe?"

"Mkwe akinishinda namrudisha kwao. Hii ikiingia kwa mwanangu nitairudisha wapi?"

Akachagua rangi ya maji, nyeupe iliyokolea kidogo kama maziwa, kopo limeandikwa wazi kwamba halina risasi. Akarudi nyumbani moyo mweupe.

Mlangoni akasikia: kwaru, kwaru, kwaru.

Fundi rangi aliyeitwa na mumewe alikuwa amewahi. Alikuwa juu ya stuli anapiga msasa mkavu ile kijani ya zamani, vumbi limetanda mpaka sebuleni. Wifi anafagia, vumbi linapaa upya. Na Kidosho kakaa katikati ya maganda, midomo ya kijani, mashavu yamejaa.

"Kidosho, tema! Tema mama!"

Kidosho akamtazama mama yake, akacheka, akameza.

"Wewe fundi, acha!"

"Mama, ukuta usipokwanguliwa rangi mpya haishiki."

"Na hiyo unayokwangua ina nini ndani?"

Fundi akautazama msasa wake. "Hiyo ya siku nyingi, mama. Nitajuaje?"

Mama Kidosho akamnyanyua mtoto, akamfuta midomo kwa kanga. Alikuwa amelinda kopo, ukuta hakuulinda mtu.

Zahanati walimtoa mtoto damu ipelekwe maabara, wazazi wakaambiwa wasubiri majibu. Kusubiri kule kulimkondesha Mama Kidosho. Kidosho akinyamaza kidogo tu, mama yake alimrukia: "Sema kijiko."

"Kikiko."

"Sema tena."

"Mama, kikiko!"

Baba Kidosho hakuwa na mzaha tena. Wifi naye alikuwa akilia chooni, akitoka anasema ni vumbi.

Majibu yakaja: risasi imo kwenye damu. Daktari alisema haijafika pa kutibiwa kwa dawa, ila mtoto asikanyage chumba kile mpaka kisafishwe kwa maji, na arudi kupimwa tena. Kidosho akahamia kwa bibi yake. Kopo jipya likabaki limefungwa, na mama mtu kila jioni anakwenda kumsikiliza mwanawe akiongea, anahesabu maneno kimoyomoyo, hamwambii mtu.

Mwenye mtoto, epuka haya:

Usikwangue wala kupiga msasa mkavu rangi ya zamani usiyoijua.

Usimwache mtoto wala mjamzito ndani fundi akifanya kazi hiyo.

Usifagie vumbi lake. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Usiache maganda sakafuni wala dirishani.

Usinunue kopo lisiloandikwa kwamba halina risasi.

Usiulize rangi mpya tu ukasahau iliyo chini yake.

Mtoto akila maganda, usingoje augue. Mpeleke apimwe.