Buluu Chini ya Msasa

Fundi rangi alikuwa akizeesha kabati jipya. Kwanza hupakwa rangi ya kahawia. Ikishakauka, mshumaa husuguliwa kwenye kingo na pale ambapo mikono ya watu ingeshika, kama kabati lingekuwa limeishi na watu. Juu yake hupakwa rangi ya maziwa, kisha msasa. Penye mshumaa rangi haishiki, na kabati la juzi hutoka na umri wa bibi.

Siku hiyo alisahau ile ya kahawia, akapaka maziwa juu ya mbao tupu. Akasema liwalo na liwe, akapiga msasa. Ikatoka buluu. Akaendelea, maana kazi haijimalizi. Ubavuni zikajitokeza alama za kisu, ambazo kwazo marehemu baba yake alimpimia kimo kila shule zilipofunguliwa. Mlangoni likajitokeza tundu la ufunguo ambalo seremala hakulitoboa.

Lilikuwa kabati la mama yake. Kabla matanga hayajaanuliwa, baba mdogo alikuja na gari akalichukua, pamoja na kitanda na meza, akisema mali ya kaka ni mali ya ukoo. Akaviuza, akafungua karakana hii, kisha akamwajiri binti wa marehemu kuwa fundi rangi. Watu walimsifu kwa moyo wake wa huruma.

Baba mdogo alilizunguka kabati, akalitambua, wala uso haukumbadilika. Alisema alama zimekaa vizuri. Wateja wanapenda kitu chenye historia.

Mama alipopata habari alikuja na ufunguo. Alikuwa ameutunza miaka yote, kwa sababu kabati lilibebwa likiwa limefungwa. Ukaingia, ukazunguka. Ndani palikuwa na shati la marehemu, limekunjwa vilevile mama alivyolikunja mwenyewe.

"Shemeji, hili ni langu."

"Lilikuwa lako, shemeji," baba mdogo akajibu kwa upole. "Limeshapata mteja. Na huo ufunguo uache hapohapo. Lenye ufunguo wake linapendwa zaidi."

Mama alimtazama binti yake, mwenye vumbi la rangi hadi kwenye kope, ambaye kazi yake ndiyo iliyoilisha nyumba. Akauacha. Shati aliruhusiwa kuondoka nalo, kwa kuwa uchakavu wake ulikuwa wa kweli, na wa kweli hauna mteja.

Kabati lililofuata fundi hakukosea: kahawia, mshumaa, maziwa. Ikatoka buluu ileile, alama zilezile, tundu lilelile, na mlango umefungwa. Baba mdogo aliutikisa, akasikiliza kitu kikisogea ndani.

"Hebu muulize mama yako," akasema, "kama ana ufunguo mwingine."